"Huu si ushahidi": jinsi ya kulinganisha algoriti tatu za utafutaji kwa haki

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta huku nafanya kazi hapa Mtwara mjini. Mradi wangu wa somo la algoriti za utafutaji ni kupanga njia ya lori linalozunguka maghala ya vyama vya msingi (AMCOS) kukusanya korosho na kurudi ghala kuu. Nilichukua vituo 40, nikaandika kwa Python algoriti tatu: kupanda kilima (hill climbing), kupoza taratibu (simulated annealing) na ya kijenetiki (genetic algorithm). Kila moja niliiendesha mara moja. Kupanda kilima ilinipa kilomita 655, ya kijenetiki 612, kupoza taratibu 598, na kwa kuwa kupoza taratibu ilimaliza mapema kuliko ya kijenetiki nikahitimisha kwamba ndiyo bora. Msimamizi ameirudisha ripoti, ameandika "huu si ushahidi". Nilipoendesha tena, ya kijenetiki ikawa ya kwanza! Programu zangu zina kasoro? Nirudie mara ngapi ili akubali? Mwenzangu anasema nilitakiwa kutumia algoriti iitwayo A* tangu mwanzo, na kwamba laptopu yangu ni dhaifu, nitafute mashine kubwa. Nimebakiza wiki sita.

JIBU: Marahaba. Nianze na linalokukosesha usingizi: mshindi kubadilika ulipoendesha mara ya pili hakuthibitishi kwamba programu zina kasoro. Algoriti zote tatu zinatumia bahati nasibu, kwa hiyo jibu la kila moja ni mtawanyiko wa majibu, na wewe umeokota jibu moja kutoka kila mtawanyiko. Kinachokuchanganya ni kwamba umeunganisha maswali matatu tofauti: kama programu zinafanya kazi sawasawa, kama ulinganisho ni wa haki, na kama tofauti unayoiona ni kubwa kuliko kelele, yaani kucheza kwa majibu kunakoletwa na bahati tu. Msimamizi ameligusa la tatu. Ningekuwa yeye ningeanza na la pili, maana hapo ndipo penye tatizo kubwa zaidi, na kurudia hata mara elfu hakutaliondoa.

Tuone kwanza kwa nini majibu yanacheza. Kwa vituo 40, ikiwa umbali wa kwenda ni sawa na wa kurudi, idadi ya mizunguko tofauti ni 39! (yaani 39 × 38 × … × 1) gawanya kwa 2, yaani kama 1 ikifuatiwa na sifuri 46. Hakuna anayeikagua yote. Kupanda kilima huanza na mzunguko wowote, hujaribu kukata barabara mbili na kuziunga upya kwa kugeuza kipande cha katikati, na hukubali badiliko pale tu linapopunguza kilomita. Likikosekana badiliko la kupunguza, husimama. (Jina linapotosha kidogo, kwa sababu hapa unateremka kutafuta kilomita chache, hupandi.) Jibu lake hutegemea sana pale ilipoanzia: mianzo tofauti huishia kwenye mabonde tofauti, na mengi ni ya juujuu.

Kupoza taratibu, njia iliyotangazwa na Kirkpatrick, Gelatt na Vecchi mwaka 1983 kwa kuiga metali inavyopoa, hukubali pia badiliko baya, kwa uwezekano wa e^(−Δ/T). Hapo e ni kama 2.718, Δ ni kilomita zinazoongezeka na T ni "joto" la wakati huo. Badiliko linaloongeza kilomita 10 wakati T ni 10 hukubaliwa kama mara 37 katika 100. T ikishuka hadi 2, hukubaliwa chini ya mara moja katika 100. Hiyo ndiyo nguvu yake ya kutoka kwenye bonde la juujuu, na ndiyo inayofanya kila jaribio lipite njia yake. Ya kijenetiki, inayotunza kundi la mizunguko ("watu") na kuichanganya ili izae mizunguko mipya kizazi hadi kizazi, nayo ina nasibu kila mahali: kizazi cha kwanza, uchaguzi wa wazazi, mahali pa kuchanganya, mabadiliko ya ghafla.

Sasa pima kelele hiyo. Tuseme majibu ya algoriti moja kwenye ramani ileile yana mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi yanavyotawanyika kuzunguka wastani) wa kilomita 20. Tofauti kati ya majaribio mawili, moja la kila algoriti, itakuwa na mkengeuko wa 20 mara kipeuo cha pili cha 2, karibu kilomita 28. Wewe uliona tofauti ya 14. Hata kama kupoza taratibu kweli ni bora kwa kilomita 14 kwa wastani, karibu mara 3 katika 10 ulinganisho wa jaribio moja kwa moja utakuonyesha mshindi wa kinyume. Ndicho kilichokupata. Ukiendesha kila moja mara 10, mkengeuko wa tofauti ya wastani hushuka hadi karibu kilomita 9. Mara 30, hadi karibu 5. Ili kupunguza kelele kwa nusu lazima uzidishe majaribio mara nne, kwa hiyo kuna mahali ambapo kuongeza marudio hakukulipi tena. Namba 20 ni yangu ya kielelezo. Yako utaipata kwa kuendesha algoriti moja mara 10 kwenye data yako ya sasa ya vituo 40 kabla hujapanga chochote.

Turudi kwenye haki. Hukusema uliipa kila algoriti kazi kiasi gani, lakini mpangilio ambao wengi huanza nao ni huu: ya kijenetiki watu 100 kwa vizazi 500, na kupoza taratibu hatua 50,000. Kwa juu inaonekana sawa, 50,000 kwa 50,000. Si sawa hata kidogo. Ya kijenetiki hujumlisha umbali wote wa mzunguko kila mara, vipande 40, kwa hiyo inasoma jedwali la umbali (wa kila kituo hadi kila kingine) mara 2,000,000. Kupoza taratibu, ikiwa umeandika vizuri, husoma vipande vinne tu kwa kila badiliko: viwili vinavyokatwa na viwili vinavyoungwa. Hiyo ni mara 200,000. Moja imekula mara kumi ya nyingine. Na kama hukuandika vizuri, yaani unajumlisha mzunguko mzima kila hatua, basi ulichopima kwa saa ni uzembe wa msimbo.

Kupanda kilima ndiyo iliyoonewa zaidi. Kwa vituo 40 kuna mabadiliko 740 ya kukagua katika kila duru, kwa hiyo duru moja kamili ni usomaji 2,960. Ikifika kwenye bonde lake imesimama, imetumia sehemu ndogo tu ya bajeti, nawe umeandika 655 kana kwamba huo ndio uwezo wake. Ipe bajeti ileile ya 2,000,000 na iruhusu ianze upya kila inapokwama, ukitunza jibu bora. Bajeti hiyo inatosha duru 675. Kama kila mteremko unakula duru 45, imeanza upya mara 15, na jibu bora la mianzo 15 si jambo la kudharau. Usishangae pengo la kilomita 57 likipungua sana. Wahakiki wengi wa tasnifu wanaijua hila hii ya kumpiga mpinzani aliyefungwa mikono, hata pale mwanafunzi asipokusudia.

Kwa hiyo chagua kipimo kimoja cha bajeti, usomaji wa jedwali la umbali, ukihesabu ndani ya programu kwa kaunta. Simamisha zote tatu zikifika 2,000,000. Tena usiandike jibu la mwisho tu. Hifadhi jibu bora zikifika 10,000, 30,000, 100,000, 300,000, 1,000,000 na 2,000,000, kisha chora mistari mitatu kwenye grafu moja. Mara nyingi utakuta inakatana: kupanda kilima inaongoza mwanzoni kwa sababu inateremka bila kusita, halafu kupoza taratibu inaipita joto linaposhuka. Grafu hiyo inajibu swali bora kuliko "ipi imeshinda", kwa sababu inaonyesha ipi inashinda kwa bajeti ipi. Tahadhari moja: ratiba ya kupoza hutegemea bajeti yote, kwa hiyo mstari wake wa kwenye 100,000 si sawa na matokeo ya kupoza iliyopangiwa 100,000 tangu mwanzo. Ukitaka kusema lolote kuhusu bajeti ndogo, iendeshe upya kwa bajeti hiyo.

Kuna suala la vipimo vya ndani pia. Kama ulikaa siku nzima ukibadilisha joto la mwanzo na kasi ya kupoza, halafu ya kijenetiki ukaichukua na namba ulizozikuta mahali, umepima bidii yako. Zipe zote nafasi sawa ya kurekebishwa, kwa mfano mipangilio 20 kila moja. Kwa kupoza taratibu anza hivi: kusanya mabadiliko mabaya mia kadhaa ya nasibu, pata wastani wa ongezeko lake, kisha gawanya kwa 0.223 ili karibu asilimia 80 yakubaliwe mwanzoni. Wastani ukiwa kilomita 15, joto la mwanzo ni kama 67. Shuka hadi 0.2, ambapo hata ongezeko la kilomita moja ni nadra kukubaliwa. Kwa kuzidisha 0.95 kila ngazi utapata ngazi kama 113, na bajeti ya mabadiliko 500,000 inakupa karibu mabadiliko 4,400 kwa kila ngazi. Kwa ya kijenetiki, kosa la kawaida ni kuchanganya wazazi wawili kwa kukata na kuunga tu, mtoto anatoka na ghala moja mara mbili na jingine hana. Tumia uchanganyaji unaohifadhi mpangilio, na weka ukaguzi ndani ya programu: kila mzunguko lazima uwe na vituo 40 tofauti, la sivyo programu ife palepale kwa kelele.

Marekebisho hayo yote yafanyike kwenye ramani ambazo hazitatumika kwenye majaribio ya mwisho. Mwanafunzi aliyepewa mtihani nyumbani juma zima kabla hatusifu ufaulu wake. Algoriti ni hivyohivyo.

Hapo tunafika kwenye swali lako la "nirudie mara ngapi", ambalo kwa kweli ni mawili. Kurudia kwa mbegu tofauti za nasibu (namba zinazoanzisha bahati nasibu ya programu) kwenye ramani moja kunakuambia kuhusu ramani hiyo tu. Ukiendesha mara 1,000 kwenye vituo vyako 40, utajua kwa uhakika mkubwa ipi ni bora kwa vituo hivyo 40, na hutajua lolote kuhusu vituo vya Nachingwea. Hitimisho lako linazungumzia ukusanyaji wa korosho kwa jumla, kwa hiyo unachohitaji ni visa vingi. Kisa nakiita ramani moja pamoja na orodha moja ya vituo. Ningependekeza visa 10 vya kurekebishia na 30 vya kupimia, na mbegu 10 kwa kila algoriti kwenye kila kisa. Hiyo ni 30 mara 3 mara 10, majaribio 900.

Visa vitoke wapi? Usichote vyote kwenye orodha moja fupi ya maghala, vitafanana mno na havitakuwa huru. Gawa kwa maeneo: Tandahimba na Newala, Masasi na Nanyumbu, Mtwara ya pwani, halafu Ruangwa, Nachingwea na Liwale upande wa Lindi. Mtawanyiko wa vituo ni tofauti na mtandao wa barabara ni tofauti, na tofauti hiyo ndiyo unayoitaka. Weka pia ukubwa wa vituo 20, 40 na 80, maana algoriti inayoongoza kwa 20 inaweza kuachwa kwa 80. Maeneo ya visa vya kurekebishia yasiwe yote yaleyale ya kupimia. Ramani za barabara unaweza kuzitoa OpenStreetMap. Andika tarehe uliyopakua, kwa sababu ramani hiyo hubadilika kila siku na mwakani mtu hataweza kurudia kazi yako bila faili lako.

Kwa kila kisa, algoriti zote tatu zitumie mbegu 1 hadi 10 na, inapowezekana, mizunguko ileile ya kuanzia. Kisha chukua mediani (thamani ya katikati) ya majibu 10 ya kila algoriti kwenye kila kisa. Sasa una namba 30 kwa kila algoriti, na zimeoanishwa: kisa namba 7 cha huyu na kisa namba 7 cha yule ni barabara zilezile. Fanya kazi na tofauti za kisa kwa kisa. Usilinganishe wastani wa jumla wa kilomita, kwa sababu kisa cha Liwale chenye kilomita nyingi kitameza visa vidogo vya pwani. Geuza kila jibu kuwa asilimia juu ya jibu bora kabisa.

Na jibu bora kabisa linapatikana, jambo ambalo wanafunzi wengi hawalitarajii. Mwaka 2006 programu iitwayo Concorde, ya Applegate, Bixby, Chvátal na Cook, ilihusika kuthibitisha mzunguko mfupi kuliko yote wa vituo 85,900. Vituo vyako 40 ni kazi ya kufumba na kufumbua kwake. Ukipendelea kuandika mwenyewe, njia ya Held na Karp ya mwaka 1962 hufanya hatua zinazokua kama n² mara 2 kwa kipeo cha n. Kwa vituo 15 ni kama milioni 7.4, Python inamudu. Kwa 20 ni milioni 419 na kumbukumbu ya mashine inaanza kulalamika. Kwa 40 sahau. Itumie kwenye visa vidogo kukagua usahihi. Programu yako yoyote ikitoa mzunguko mfupi kuliko ule bora uliothibitishwa, una kasoro ya msimbo, huna ugunduzi. Jibu bora la kisa chako lingekuwa 590, namba zako zingesomeka asilimia 1.4, 3.7 na 11 juu ya bora. Msomaji anaelewa mara moja.

Linalofuata huwezi kulikwepa kwenye utetezi: ikiwa vituo 40 vinatatuliwa kikamilifu, algoriti za kukisia za nini? Jibu la kweli ni kwamba tatizo lako halisi ni gumu kuliko ulivyoliandika. Lori la tani 30 hubeba kama magunia 375 ya kilo 80, na maghala 40 msimu ukichanganya hayawezi kuingia safari moja. Kuna safari nyingi, kuna ghala lililojaa linalosubiri nafasi kabla ya mnada. Kwa wiki sita usilipanue tatizo. Andika wazi kwamba umechagua umbo rahisi ili jibu bora lijulikane na kipimo kiwe sahihi, na uwezo wa lori uuache kwa kazi ijayo.

Lakini kuna kurahisisha kumoja ambako sikuruhusu bila kukagua. Ukipima kwa kilomita, kwenda na kurudi ni sawa. Ukipima kwa dakika, lori lililojaa likipanda ukingo wa uwanda wa Makonde kuelekea Newala halitumii muda uleule linaposhuka. Jedwali linakuwa la pande mbili zisizolingana, na ile hesabu ya haraka ya vipande vinne inavunjika, kwa sababu ukigeuza kipande cha katikati kila barabara ndani yake inapitwa kinyume. Programu haitatoa kosa lolote. Itatoa tu namba za uongo, kila hatua zikizidi kuachana na ukweli. Kinga yake ni rahisi: kila hatua 1,000 jumlisha mzunguko mzima upya na ulinganishe na jumla unayoibeba. Zikipishana zaidi ya 0.001, simama.

Kuhusu takwimu nitapita haraka. Kwa tofauti 30 zilizooanishwa tumia jaribio la Wilcoxon la mwaka 1945 la namba zilizooanishwa. Halihitaji tofauti ziwe na umbo la kengele. Una jozi tatu za kulinganisha, na kwa kiwango cha 0.05 kila moja, uwezekano wa kupata angalau ushindi mmoja wa uongo unakaribia asilimia 14. Tumia sahihisho la Holm: thamani ya p (uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi hicho kama kweli hakuna tofauti) iliyo ndogo kuliko zote ipimwe kwa 0.0167, inayofuata kwa 0.025, ya mwisho kwa 0.05, na ukikwama moja usiendelee. Thamani ya p peke yake haimsaidii mtu. Toa mediani ya tofauti na masafa ya uhakika (confidence interval) ya asilimia 95, na useme kama inahusu kazi halisi. Tofauti ya asilimia 0.3 inaweza kuwa ya uhakika kabisa kitakwimu na isimfae dereva hata lita moja ya dizeli. Yote haya, swali, bajeti, visa na jaribio la takwimu, yaandike kwenye ukurasa mmoja wenye tarehe kabla ya kuendesha majaribio 900. Ukichagua kipimo baada ya kuona matokeo, utachagua kinachokufurahisha, hata bila kujua.

Mwenzako na A*. A*, ya Hart, Nilsson na Raphael, 1968, inatafuta njia fupi kati ya sehemu mbili. Haipangi mpangilio wa vituo 40, ingawa mtu anaweza kuilazimisha. Nafasi yake kwenye mradi wako ni kutengeneza jedwali la umbali, na hata hapo, kwa kuwa unataka umbali wa kila ghala hadi kila jingine, kuendesha algoriti ya Dijkstra, inayotoa njia fupi kutoka sehemu moja hadi nyingine zote, mara 40, mara moja kutoka kila ghala, kwa kawaida ni kazi ndogo kuliko kuita A* mara 1,560. Kwa hiyo hukukosea.

Ukiitumia A* hata hivyo, mitego ni miwili na sijaona mwongozo mwingi unaoieleza kwa mazingira yetu. A* huongozwa na makadirio ya umbali uliobaki, nayo hayaruhusiwi kuzidi ukweli, la sivyo A* inaweza kukupa njia isiyo fupi kuliko zote bila kukuambia. Watu hukokotoa mstari mnyoofu kwa kuichukulia dunia kama tufe la kipenyo-nusu cha kilomita 6,371. Katika latitudo yetu ya kama 10 kusini, digrii moja ya kaskazini–kusini ni karibu kilomita 110.6, wakati tufe hilo linatoa 111.2. Umezidisha kwa nusu asilimia, na kwenye barabara iliyonyooka hiyo inatosha kuvunja sharti. Zidisha makadirio kwa 0.99, yamekwisha. Mtego wa pili ni muda: ukigawanya mstari mnyoofu kwa kasi ya wastani, umeharibu. Kilomita 60 kwa kasi ya wastani ya 50 ni dakika 72, lakini kama ipo lami ya kilomita 70 inayopitika kwa 80, safari halisi ni dakika 52 na nusu. Gawanya kwa kasi kubwa kuliko zote kwenye ramani. Makadirio yatakuwa hafifu, hasa kwenye barabara zenye kona za ukingo wa uwanda, na A* itafungua nodi (makutano ya barabara) nyingi zaidi, ila jibu litakuwa sahihi.

Laptopu. Usomaji wa jedwali mara 2,000,000 kwa Python ni kazi ya sekunde chache. Tuseme 10. Majaribio 900 ni sekunde 9,000, yaani saa mbili na nusu. Mashine kubwa ya nini? Tatizo la laptopu ni saa yake kusema uongo. Kwenye chumba chenye joto la pwani bila feni, prosesa ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe, na algoriti iliyoendeshwa ya mwisho inaonekana nzito. Umeme ukikatika na mashine ikahamia kwenye betri, kasi inashuka tena. Sasisho likianza kupakuliwa nyuma ya pazia, vilevile. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba hata ukubwa wa vigezo vya mazingira vya mfumo wa uendeshaji, kitu ambacho hakuna anayekifikiria, unaweza kubadilisha muda unaopimwa kiasi cha kugeuza hitimisho.

Ndiyo sababu bajeti yako nimeiweka kwenye hesabu ya usomaji. Hesabu haijui joto wala TANESCO. Muda uripoti kama kipimo cha pili: chaji ikiwa imechomekwa, intaneti imezimwa, ukitumia time.process_time ili kazi za programu nyingine zisihesabiwe, na mpangilio wa majaribio yote 900 ukiwa umechanganywa kwa nasibu ili joto la mchana lisimwangukie mmoja. Andika kila jaribio kwenye mstari wake wa faili mara linapoisha: kisa, algoriti, mbegu, bajeti, jibu, muda, toleo la msimbo. Umeme ukikatika unaendelea ulipoishia.

Kwa wiki zako sita, ya kwanza iishe kwenye ukaguzi wa usahihi na jaribio dogo la visa 5 kwa mbegu 5. Ya pili na ya tatu ni visa na marekebisho. Majaribio yenyewe ni siku moja. Zilizobaki ni za kuandika, na utazihitaji zote. Na kama mwisho wa yote kupoza taratibu na kupanda kilima yenye mianzo mingi zitatoshana, andika hivyohivyo, pamoja na vipimo vyako vya uhakika. Hilo ni tokeo, na kwa vituo 20 sitashangaa.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatoshi. Ule ukurasa mmoja wa mpango mpelekee msimamizi ana kwa ana kabla ya majaribio, muulize kama ataukubali ushahidi wa aina hiyo, na akibadilisha kitu kiandikwe palepale. Kama tofauti zako 30 zinagawanyika makundi mawili, kwa mfano ushindi wote Masasi na kushindwa kote pwani, kaa na mwalimu wa takwimu kabla ya kutoa wastani wowote, kwa sababu huenda una maswali mawili na unayajibu kama moja. Na kuhusu barabara, ramani haitakuambia njia ipi ya kuingia kijijini haipitiki mvua zikishaanza. Hilo nenda na barua ya utambulisho ya chuo kwenye ofisi za AMCOS au chama kikuu, ukawaulize makarani wa maghala na madereva, ukiwa na ramani iliyochapishwa na kalamu nyekundu. Usichukue majina ya wakulima wala kiasi cha kila mmoja. Kwa kazi hii unahitaji mahali pa ghala tu, na taarifa za watu zinalindwa na sheria ya mwaka 2022.